Jamu ya kayaba, na magadi msiniambie tena

Uliza mtu yeyote huku Limuru kayaba, ule mmea wa miiba wa kuzungushia boma, ni ya nini, atakwambia ni ya kuzuia ng'ombe, mbwa na wezi. Mwambie unataka kuila uone. Nusu yao watasema ina sumu, na nusu watacheka na kukumbuka jinsi walivyoitafuna utotoni wakichunga mbuzi. Mimi niko upande wa wachunga mbuzi. Tunda la kayaba haliui mtu. Ni chachu tu, chachu ya kukutia ganzi la meno mpaka jioni, na uchachu huo ndio mali yenyewe. Walionishauri niuondoe ndio walionipotezea sukari.

Ua wa nyumba ninayopanga ni wa zamani, na mmea wenyewe ni mgeni aliyezoea: kwao ni Afrika Kusini, kwenye Mto Kei. Upande wa mbele hukatwa na mtunza bustani mpaka unanyooka mraba, na huko hupati hata tunda moja. Upande wa nyuma, penye mapipa ya taka, panga halijafika siku nyingi. Huko ndiko matunda yanakojaa, ya manjano ya kiini cha yai, na ukiyapapasa yana vinyweleo laini. Jirani yangu analalamika kwamba kayaba yake ni tasa. Si tasa, ni dume. Kayaba ina mimea dume na mimea jike, na ukipanda ua wako kwa vipandikizi vya mmea mmoja dume, utazuia ng'ombe vizuri lakini jamu utanunua dukani.

Sasa miiba. Mwiba wa kayaba una urefu wa kidole cha kati na ugumu wa msumari. Niliambiwa nivae glavu za ngozi. Mwiba uliipita glavu, ukanipita na mimi. Niliambiwa nitumie upembo niyavute matawi. Ukivuta tawi la kayaba, unavuta na miiba yake yote kuja usoni. Kilichofaa ni mtungi wa mafuta ya kupikia, ule wa lita tano. Niliukata tundu ubavuni, karibu na kitako, nikalichonga ukingo wake wa juu meno meno, kisha nikauchomeka mdomo wake kwenye mwanzi mrefu na kufunga kwa raba ya tyubu. Unausogeza chini ya tunda, unalikwaza kwa yale meno, linaanguka ndani lenyewe. Lililoiva halibishani. Likikataa, liache, siku zake bado. Na yaliyokwisha kuanguka chini yamefunikwa na majani, yanatosha kujaza bakuli kabla hata hujainua mwanzi.

Soja wa ploti alinitazama kwa muda akiwa na kikombe chake cha chai.

"Mkubwa, umeangusha funguo humo?"

"Nachuma matunda."

"Ya kayaba?" Akanyamaza kidogo. "Basi mwenye nyumba akiuliza, mimi sikuwa zamu."

Huyo huyo sasa ndiye anayenipigia simu yakianza kuiva.

Kwenye mapishi ndiko nilikoteswa. Shemeji yangu, ambaye kwa githeri hana mpinzani, alionja nusu tunda, akakunja uso na kutoa hukumu: "Hii tia magadi. Magadi yanamaliza kila kitu." Na mtu ambaye maharagwe yake huiva kabla yangu hayajaanza kutokota, unambishia nini? Rojo lilikuwa linachemka vizuri, rangi inapendeza, jikoni kote kunanukia. Akachota kijiko cha magadi, akamimina chote kwa mpigo.

Sufuria ilivimba kama ugali uliotiwa amira. Povu lilipanda kimya kimya kwanza, likafika ukingoni, kisha likashuka pande zote, likazima moto wa gesi, likapita juu ya meko na kuingia kwenye droo ya vijiko iliyokuwa wazi. Shemeji alikuwa anapiga kelele "Punguza moto!" na moto ulikuwa umeshazimika zamani. Kilichobaki ndani kilikuwa na rangi ya tope na ladha ya sabuni ya kufulia. Nilikirudisha motoni, nikakichemsha sana, na hakikuganda hata chembe. Kilibaki mchuzi.

Sababu yake ni rahisi, ingawa hakuna aliyeniambia mapema. Magadi na asidi vikikutana hutoa gesi, ndilo lile povu. Halafu jamu huganda kwa sababu ya pektini ya tunda, na pektini haishikani bila asidi na sukari ya kutosha. Kayaba ina pektini nyingi na asidi nyingi, hasa ukichanganya na machache ambayo hayajaiva sawasawa. Yaani tunda limekuja na kila kitu isipokuwa sukari, nawe unalitilia magadi! Uchachu unaushinda kwa sukari, basi: kilo ya rojo kwa kilo ya sukari. Usijaribu kubana matumizi hapo. Sukari ndiyo gharama yote, mia chache hivi ukiacha gesi. Matunda ni bure na chupa unaomba kwa watu.

Sufuria za kawaida za alumini nazo sizitaki tena kwa kazi hii. Ile yangu ya ugali, nyeusi miaka yote, ilitoka inang'aa ndani utafikiri imetoka dukani jana, na weusi wake wote na ladha ya chuma vikaingia kwenye jamu. Azima ya stili.

Na kipimajoto. Mapishi ya vitabuni yanasema jamu iko tayari ikifika nyuzi 105. Huenda Mombasa. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huku huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo ukingoja 105 utapata kashata ya kuvunjia meno. Huku 97 au 98 inatosha. Mimi siku hizi natia kisosi kwenye friza, nadondoshea tone, nalisukuma kwa kidole. Likijikunja ngozi, nazima.

Mbegu zinakaa kwenye chujio wakati unapokamua rojo kwa mwiko, kabla ya sukari. Makapi yakibaki na nyama, natia maji kidogo, pilipili, kitunguu saumu na chumvi, nachemsha tena na kuchuja. Hiyo naimwagia nyama choma, na hapo hata shemeji hana la kusema.

Wanaochuma kando ya barabara kuu, vumbi na moshi wa malori ni juu yenu. Uliza pia kama ua umepigwa dawa. Na wale walioniletea mfuko wa vitunda vidogo vya rangi ya chungwa, vinavyoning'inia vishada vishada kwenye ua wenye maua ya zambarau: hiyo ni duranta, na hiyo ndiyo yenye sumu. Niliutupa mfuko wote.

Chupa zilizobaki ni za nyumbani, msiniulize bei. Waliopewa wakala wanajijua, na chupa zangu bado nazisubiri.