Delhi ya masultani, na yule mgeni aliyepita Kilwa kwanza

Huku kwetu Lindi ukisema fulani kaenda India hakuna anayeuliza kafata nini, swali ni "nani anaumwa?" Na ukitaja Delhi ndo kabisa, watu wanawaza figo, moyo, mgongo, na grupu la WhatsApp la ukoo linalochangisha. Mimi nilienda kwa njia hiyohiyo, nilimsindikiza mjomba wangu (watu wa kusini mnajua mjomba akikwambia twende hukatai), na wakati anasubiria majibu ya vipimo ambayo kila tukiuliza tunaambiwa kesho, nikawa na mchana mrefu sina kazi, nikaanza kuzunguka magofu. Hospitali sitaiongelea humu. Nataka kuongelea mji, maana tunaenda wengi na tunarudi tumeona koridoo na duka la dawa basi.

Kwanza elewa kwamba Delhi ya zamani sio mji mmoja. Ni miji kadhaa imepangana jirani jirani, kila sultani akishika madaraka anaona ngome ya aliyemtangulia haimfai, anahama kilomita chache anajenga yake. Kuna ile ya kwanza pale Mehrauli, halafu Siri, Tughlaqabad, Jahanpanah, Firozabad, na zote hizo ni kama miaka mia na nusu tu! Wengine walikua wanaogopa Wamongoli, wale wavamizi wa farasi kutoka kaskazini, wengine walikua wanafata maji, na wengine mimi naona ilikua ni sifa tu.

Aliyeanza alikua mtumwa. Qutb-ud-din Aibak, Mturuki, mtumwa wa Muhammad wa Ghor, mtawala kutoka upande wa Afghanistan, akawa jemadari wake, Delhi ikaangukia mikononi mwao 1192, na bwana wake alipouawa 1206 Aibak akawa mtawala mwenyewe. Hakukaa sana, 1210 alianguka na farasi kule Lahore akicheza polo akafa. Ila ndo aliyeanzisha Qutb Minar, ule mnara unaouona kwenye kila picha ya Delhi, mita 73 kwenda juu, mawe mekundu yamechongwa aya mpaka unajiuliza fundi alikua anasimama wapi. Ndani zipo ngazi 379, zamani watu walikua wanapanda, ila mwaka 1981 kulitokea msongamano gizani humo ndani wakafa watu wengi, wengi wao watoto wa shule, tangu hapo mlango umefungwa.

Sasa wageni wote wanapiga picha mnara wanaondoka. Mimi nakwambia kaa kwenye msikiti ulio chini yake. Maandishi ya mlangoni yanasema wazi kabisa kwamba ulijengwa kwa mawe ya mahekalu 27, hawakuficha, walijisifia. Ukiingia kwenye zile baraza unaona nguzo zimechongwa kengele zinaning'inia kwenye minyororo, maua, na watu wadogowadogo ambao nyuso zimegongwa na patasi zikabaki bapa, ila kiuno na mikono vipo vinacheza vilevile. Na nguzo za hekalu zilikua fupi kwa kazi ya msikiti, kwaiyo wakapandisha moja juu ya nyingine, ukiangalia vizuri unaona ya chini na ya juu hazifanani kabisa. Hapo ndo nilikaa muda mrefu. Sio kitu cha kukufurahisha, lakini ukitaka kujua masultani waliingiaje pale, hizo nguzo zinakwambia kila kitu. Na uani katikati ipo nguzo ya chuma, mita saba hivi, uzito zaidi ya tani sita, ina umri wa miaka kama 1600, yaani ilikua kizee tayari wakati msikiti unajengwa, na haijaliwa na kutu. Mimi ninayeishi ufukweni ambako bati jipya halimalizi miaka mingi niliiangalia kwa wivu.

Aliyeumalizia mnara ni Iltutmish, naye mtumwa aliyepanda cheo. Huyu alifanya kitu ambacho hata leo kinaleta kelele kwenye familia, aliona watoto wake wa kiume hawafai akamtaja binti, Razia. Wakubwa wakaruka wakamweka kaka mtu, akaboronga ndani ya miezi, ndo Razia akakalia kiti 1236. Akatupa pazia, akavaa nguo za kiume, akapanda tembo uso wazi mbele za watu. Na hapa wadau wa Afrika mkae sawa, mtu aliyempa usimamizi wa mazizi ya farasi wa kifalme, cheo kikubwa sana kwa serikali inayotegemea farasi, alikua Mhabeshi anaitwa Yaqut. Wakubwa wa Kituruki hawakuvumilia. Mwanamke juu ya kiti, mweusi pembeni yake! Wakazusha maneno, wakamuua Yaqut, Razia akang'olewa 1240 na mwaka huohuo naye akauawa. Mpaka leo watu wanapenda kuisimulia kama hadithi ya mapenzi, mimi naona ilikua vita ya vyeo tu.

Sultani Alauddin Khalji, aliyekuja miaka mingi baadae, nitampitia haraka japo alikua mkali kuliko wote. Ndo aliyejenga Siri baada ya Wamongoli kuizingira Delhi 1303, akapanga bei za soko za serikali, ngano bei hii, farasi bei hii, na muuzaji akipunja mizani anakatwa nyama yake mwenyewe kufidia. Alitaka pia kujenga mnara mara mbili ya Qutb Minar, akafa 1316 umefika mita 24 tu, na kisiki chake kipo pale pale mpaka leo.

Tughlaqabad ndo ilinigusa zaidi. Sultani Ghiyasuddin Tughluq aliingia madarakani 1320 akajenga ngome kubwa kwa haraka ya ajabu, kuta zimeinamia ndani, mawe makubwa makubwa. Wenyeji wanasimulia kwamba alikua anawanyang'anya vibarua sheikh Nizamuddin Auliya, ambaye alikua anachimbisha kisima chake, mchana wanajenga ngome usiku wanachimba kisima, sultani akazuia mafuta ya taa ili wasifanye kazi usiku, sheikh akailaani ngome kwamba itabaki pori. Halafu sultani akiwa safarini anarudi kutoka Bengal akatuma kitisho, sheikh akajibu kwa maneno machache ambayo watu wa Delhi wanayasema mpaka leo, "Delhi bado mbali." Hakufika. Mwaka 1325 alipokewa nje kidogo ya mji kwenye banda la mbao alilojengewa na mwanawe, banda likamwangukia. Sheikh naye alifariki mwaka huohuo. Kaburi la sheikh saivi linajaa watu kila siku, ngome imejaa nyani na miiba. Hiyo mimi nimeiona kwa macho, laana au si laana.

Huyo mwana ndo Muhammad bin Tughluq, na hapa ndo Kilwa yetu inaingia.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyesimulia safari zake kwenye kitabu, alifika Kilwa 1331. Akausifia mji, akamsifia sultani wake Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa kutoa kwake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani baada ya swala ya Ijumaa akamuomba nguo alizovaa, sultani akaingia nyumba ya khatibu akabadilisha, akampa. Mwanawe akazirudisha nguo kwa kumfidia yule fakiri watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu (ndio, watumwa, ukarimu wa enzi zile ulikua na damu ya watu ndani yake tusijidanganye). Miaka michache baadae huyohuyo Ibn Battuta yupo Delhi, kapewa ukadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka, Kiajemi cha mahakamani hakimudu wakampa wasaidizi wawili. Na bado akaingia madeni, sultani akamlipia! Watu wa namna hii tunao kila ofisi.

Anachosema kuhusu Muhammad bin Tughluq ni kwamba hakuna mtu aliyependa kutoa zawadi kama yeye na hakuna aliyependa kumwaga damu kama yeye, mlangoni kwake hukosi masikini aliyetajirishwa au maiti. Kilwa mtu aliomba nguo akapewa akaenda zake, Delhi ulipewa na ukawa huwezi kutoka. Siku Ibn Battuta alipomtembelea sheikh mmoja ambaye sultani hamtaki, akawekewa walinzi, akawa anafunga na kusoma dua usiku na mchana mpaka sheikh akauawa na yeye akaachiwa. Baada ya hapo akagawa mali zake akavaa nguo za fakiri. Naona alijifunza kwa hofu kile ambacho Kilwa alionyeshwa bure.

Watu wengi wanamwita yule sultani mwehu, mimi nakataa. Alihamishia makao makuu Daulatabad 1327, zaidi ya kilomita elfu moja kusini, kwasababu dola lilikua limetanuka huko. Ibn Battuta anasimulia kipofu aliyeburutwa njia nzima kwenye uhamisho huo ukafika mguu tu, ila kumbuka yeye alifika Delhi miaka kadhaa baadae, hiyo ni habari ya kusikia mitaani. Halafu sultani akatoa sarafu za shaba zihesabiwe thamani sawa na sarafu za madini ya fedha, wazo ambalo leo tunatembea nalo mfukoni, noti ya elfu kumi ni karatasi. Kosa ni kwamba kila fundi aliweza kuzigushi, watu wakalipa kodi kwa shaba wakaficha fedha, mwisho akakubali kuzinunua zote, mirundo ya shaba ikabaki Tughlaqabad. Mawazo alikua nayo, subira hakuwa nayo hata chembe.

Kitu kimoja cha Ibn Battuta nakipenda kuliko visa vya damu, anasema kuta za Delhi zilikua nene dhiraa kumi na moja na ndani yake kuna maghala, alishuhudia mchele ukitolewa humo, uliowekwa miaka kama tisini nyuma, umekua mweusi lakini mtamu.

Baadae sultani aliyemfuata, Firuz Shah, akajenga Firozabad akatengeneza vya wenzie, hata Qutb Minar ulipopigwa na radi 1368 yeye ndo aliyeukarabati, na Desemba 1398 akaja Timur, mtawala wa Samarkand huko Asia ya Kati, akaukomba mji wote, mafundi mawe wakachukuliwa mpaka Samarkand.

Ukipelekwa Delhi na mgonjwa, panda metro laini ya njano kituo kinaitwa Qutab Minar, ukitoka hapo chukua bajaji. Tiketi ya mgeni ni ghali sana kuliko ya mwenyeji, usigombane. Tughlaqabad usiende peke yako, na chakula usishike mkononi, wale nyani hawana aibu. Na kwa Nizamuddin nenda Alhamisi jioni kuna kawali, zile nyimbo za dini za masufi, mjomba mwenyewe na mgongo wake alikaa chini mpaka nikamwambia tuondoke, akanijibu "Tangulia mpwa wangu, hospitali haihami."