Picha moja kila asubuhi: rangi za maji, kitabu na hewa ya Nyanda za Juu

Njia ninayoitumia kupaka picha moja ya rangi za maji kila siku ni fupi: naamua usiku nitapaka nini, na anayeamua ni kitabu. Kabla ya kulala nasoma kurasa chache nikiwa na penseli, napigia mstari maneno mawili tu. Moja ni kitu kinachoshikika, mfano mgomba, sufuria, kilima, kiatu. La pili ni hali yake: ukungu, matope, jua la saa nane, upepo. Asubuhi natoka nje kukitafuta kitu hicho, au ndugu yake wa karibu, nikipake katika hali ile niliyoisoma. Kama ukurasa unazungumzia bahari, hapa Mbeya bahari hakuna, ila maji yaliyotulia chini ya wingu zito yapo kwenye bwawa lolote la samaki. Nachukua hali, naacha mashua.

Wengi wanaoacha zoezi hili huachia hapo penye kuchagua. Wanakaa mezani, maji yamo kikombeni, brashi imelowa, halafu dakika 20 zinaisha wakitafuta kitu kizuri cha kupaka. Ukishaamua usiku, asubuhi kazi inabaki ya mkono na macho.

Riwaya na tenzi ndizo zinazonipa hali. Vitabu vya kutambulia ndege na mimea vina kazi nyingine: navitumia kuhesabia. Petali ni ngapi, majani yanakabiliana au yanapishana kwenye shina, mdomo wa ndege umepinda kuanzia wapi. Sinakili picha iliyomo kitabuni, kwa sababu mpiga picha ameshaamua kivuli kiwe wapi na kipi kififie, na wewe hujifunzi kuamua. Hesabu ichukue kitabuni, kisha kitazame kitu chenyewe.

Tuje kwenye vifaa. Karatasi ndiyo ya kuigharamia kuliko vyote. Chukua ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita moja ya mraba. Karatasi ya printa ya gramu 80 hujikunja mara tu maji yanapoigusa, na manila za steshenari huchubuka ukipitisha brashi mara ya tatu, vinyuzi vinanyanyuka na rangi inakuwa chafu. Ukipata ya pamba tupu ni bora zaidi, inavumilia kulowekwa na kufutwa. Ya massa ya mbao inafaa kwa mazoezi, ila hukauka kwa mabaka na haipendi kurudiwarudiwa.

Karatasi moja ya A3 naikata vipande vinane vya A6, yaani sentimita 10.5 kwa 14.8. Ukubwa huu ndio unaolinda zoezi la kila siku. Anga la kipande cha A6 unalimaliza kwa mipitisho minne au mitano ya brashi kabla maji hayajaanza kukauka, na picha nzima inaisha ndani ya nusu saa. Kwenye A3 upande mmoja unakauka wewe bado uko upande wa pili.

Kipande nakibandika kwenye ubao mdogo wa plaiwudi kwa utepe wa karatasi, ule wanaoutumia mafundi rangi, pande zote nne. Usiubandue kabla karatasi haijakauka kabisa, utang'oa uso wake. Ubandue taratibu ukiuvuta kwa kuulaza kuelekea nje ya picha.

Rangi sita zinatosha mwaka mzima. Usinunue kwa majina yaliyoandikwa mbele ya tyubu maana kila kiwanda kina yake. Geuza nyuma usome namba ya rangi. Mimi natumia ultramarini (PB29), buluu ya thalo (PB15), waridi la kwinakridoni (PV19), njano ya limau (PY3), oka ya njano (PY42 au PY43) na siena ya kuchomwa (PBr7). Nyeusi sinunui. Ultramarini na siena ya kuchomwa zikichanganywa nzito zinatoa weusi wenye uhai, na zikiongezwa maji zinatoa kijivu cha mawingu ya hapa: ukizidisha buluu ni wingu la mvua, ukizidisha siena ni moshi wa kuchoma mashamba. Kijani cha chai ya Rungwe au Mufindi ni njano ya limau na thalo kidogo sana. Thalo ina nguvu, chukua kwa ncha ya brashi tu, na ikishazama kwenye karatasi haifutiki. Epuka nyekundu yenye namba PR83. Ni nzuri ikiwa mbichi, lakini mwanga huipausha, na picha ukiitundika karibu na dirisha itabaki haina damu.

Nakamua kila rangi kwenye kifuniko cha chupa ya maji, navibandika vifuniko sita ndani ya kopo bapa la bati, naacha wazi siku mbili tatu mpaka rangi ziwe ngumu. Baada ya hapo tone moja la maji linaziamsha. Brashi ni mbili za duara zenye ncha kali, namba 8 na namba 3, pamoja na moja bapa ya inchi moja kwa anga. Usiiache brashi imesimama ndani ya kikombe. Nywele zinapinda, mti unavimba na gundi ya shingoni inaachia. Vikombe viwe viwili, kimoja cha kuoshea na kingine cha maji safi ya kuchanganyia. Atumiaye kikombe kimoja hupata njano yenye tope na kudhani rangi yake ni mbovu.

Sasa hewa. Mafunzo mengi ya rangi za maji yameandikwa na watu wa nchi nyingine, wanakwambia subiri dakika kumi. Dakika kumi za wapi? Iringa mjini mwezi wa saba, upepo mkavu ukivuma, mpako unakauka brashi ikiwa bado mkononi. Tukuyu, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, mwezi wa tatu nusu saa inapita na karatasi bado mbichi. Makete na Njombe asubuhi za Juni na Julai kuna baridi ya kugandisha umande, na maji ya baridi hukauka polepole hata kama hewa ni kavu. Kwa hiyo achana na saa, soma mng'ao wa karatasi.

Inamisha ubao kidogo, utazame kwa upande kuelekea kwenye mwanga. Maji yakiwa yanang'aa kama kioo, rangi utakayoweka itakimbia ovyo, subiri. Mng'ao ukilainika na chembechembe za karatasi zikaanza kuonekana, ndio wakati wa kuweka ukungu, mawingu na kila kisicho na ukingo. Mng'ao ukitoweka lakini karatasi ukiigusa kwa mgongo wa kidole ni ya baridi, ondoa mkono kabisa. Hapo ndipo picha nyingi hufia. Ukiongeza brashi yenye maji, maji mapya yanasukuma rangi iliyoanza kutulia, linatokea baka lenye ukingo wa meno meno ambalo haliondoki. Subiri mpaka kidole kisisikie baridi tena, ndipo upake tabaka la pili.

Kiangazi kikikubana, lowesha karatasi mbele na nyuma kwa brashi bapa kabla ya kuibandika, acha dakika mbili inywe, futa maji yanayotiririka. Masika tumia mashine ya kukaushia nywele kwa umbali wa sentimita 30, na usiiwashe maji yakiwa bado yanasimama juu ya karatasi, itayapuliza yaende usikotaka. Jiko la mkaa usiliingize chumbani ili kukausha picha. Hewa yake inaua.

Jua la huku juu nalo ni kali. Karatasi nyeupe ikipigwa na jua inaumiza macho, kila rangi inaonekana nyepesi, unaongeza na kuongeza. Ukiingia ndani unakuta picha nzima imekuwa nzito. Kaa barazani au chini ya mti, kazi yote iwe kivulini. Halafu kumbuka rangi ya maji hupauka ikikauka, hivyo uweke nzito kidogo kuliko unavyoitaka ionekane, na ujaribu kwanza pembeni kwenye kipande chakavu.

Mfano wa kazi moja. Tuseme usiku penseli imepita juu ya neno "ua" na neno "mapema". Mashamba ya pareto yapo Umalila, Makete na Mufindi, na ua la pareto ni mwalimu mzuri kwa sababu ni jeupe, na kwenye rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe. Piga hodi kwanza kwa mwenye shamba. Ukiwa upande wa Iringa, salamu ya "kamwene" ndiyo inayofungua mlango, kisha eleza unataka kukaa pembeni uchore, hutachuma.

Chora kwa penseli ya HB kwa mkono mwepesi: duara la katikati, kisha petali karibu 20, na usizipange kama miale ya jua la kwenye kalenda. Zinapishana, moja imekunjika, mbili zimelala juu ya nyingine. Ua likiwa limeinama, duara la katikati linakuwa yai na petali za upande wako zinaonekana fupi. Sasa usiliguse ua. Paka nyuma yake: majani ya pareto yana kijani cha majivu na yamechanikachanika, hivyo changanya ultramarini na oka, tia siena chembe, uzungushe ncha ya brashi namba 8 kwenye kingo za petali. Ua linajitokeza lenyewe. Rangi ya nyuma ikiwa nyepesi mno ua halitaonekana, na hili ndilo kosa la kawaida kabisa. Uoga wa kuweka kivuli ndio unaoua maua meupe.

Ikikauka, weka njano ya limau katikati, na upande wa kivulini uguse oka mbichi kwenye njano mbichi. Mwisho kabisa vivuli vya petali: ultramarini iliyochanganywa na maji mengi mpaka ibaki kama kumbukumbu ya buluu, kwenye petali zilizo chini ya nyingine tu. Nusu ya petali ziachwe karatasi tupu.

Ukungu juu ya mlima Loleza wa hapa Mbeya una utaratibu wake. Lowesha anga lote, subiri mng'ao ulainike, weka kilele kwa ultramarini na siena, kisha osha brashi, ikamue kwenye kitambaa, upitishe brashi nyevu kwenye ukingo wa chini wa mlima ili ufifie. Miti ya mbele ipakwe kila kitu kikishakauka. Thalo usiitumie hapa. Chembe za ultramarini hutulia kwenye vishimo vya karatasi na kuufanya ukungu uonekane unapumua. Thalo inalala bapa.

Kitulo nisiipite. Uwanda ule wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya bahari, ambao watu huuita Bustani ya Mungu, huchanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, na ndiyo miezi ya mvua. Nenda na vipande vilivyokwisha kubandikwa na mfuko wa nailoni wa kufunikia ubao. Okidi zipakwe zikiwa zimesimama ardhini. Viazi vya okidi za Nyanda za Juu vimechimbwa mno kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha huko, na mmea uliong'olewa mzizi haurudi. Mvua ikikataa, andika rangi kwa maneno kwenye mchoro wa penseli na upake ukirudi.

Picha zilizokauka nazihifadhi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Karatasi tupu nazo zikae humo humo. Karatasi iliyovuta unyevu masika yote hupoteza ile gundi yake ya juu. Rangi inazama papo hapo kwa madoa kama kwenye karatasi ya kufutia wino, na haina dawa. Kopo la rangi likae wazi mpaka likauke kabla ya kulifunga, la sivyo ukungu wa kuvu utaota juu ya rangi. Nyuma ya kila picha naandika kwa penseli tarehe, mahali, maneno mawili ya usiku ule, na namba za rangi nilizotumia.