Siku moja maishani mwangu: lori la deraya kwenye meza ya fundi bati

Saa 11 alfajiri
Adhana imenikuta macho. Tangu jana usiku nilikuwa nikiwaza namna ya kukunja madigadi ya mbele bila bati kupasuka kwenye pembe. Baada ya sala nikafungua kibanda na kuwasha mkaa, kwa sababu chuma changu cha kulehemu hakitumii umeme, kinapashwa moto jikoni kama enzi za babu.

Mimi ni fundi bati, Ngamiani, Tanga mjini. Riziki yangu inatoka kwenye majiko ya mkaa, mikebe ya kupimia na mabomba ya kukinga maji ya mvua. Lakini kwenye meza ya nyuma, chini ya kipande cha kanga, kuna kazi ninayoifanya kwa wiki ya sita sasa: lori la jeshi la Marekani la tani 5, aina ya M54, lililovikwa deraya na kupachikwa rashasha. Kipimo ni 1 kwa 20. Sentimita moja mezani ni sentimita ishirini za gari lenyewe.

Saa 12 mpaka saa 4
Majiko. Sita yalikuwa yamebaki kufungwa mikono, na mama mmoja wa Mgandini aliyataka kabla jua halijakuwa kali. Yamekwenda.

Saa 4
Mihogo ya kukaanga na chai ya rangi. Kijana wa jirani amefunua kanga, akaniuliza kwa nini sitengenezi vita vya kwetu vya 1914, vile ambavyo wazee husema nyuki waliingia vitani. Nikamwambia Waingereza na askari wao kutoka India walishuka Tanga kwa mashua wakaingia mjini kwa miguu, hapakuwa na lori la deraya. Mimi napenda malori. Marehemu baba yangu alikuwa utingo, nimekulia kwenye harufu ya grisi.

Halafu nikamweleza habari ya hili. Tarehe 2 Septemba 1967, huko Vietnam, msafara wa malori ya Wamarekani ulikuwa ukitoka Pleiku kurudi Qui Nhon, kwenye Barabara ya 19. Sisi wa Ngamiani tunaoelekezana mitaa kwa namba, jina kama hilo haliingii sikioni hivihivi. Niliposoma mara ya kwanza niliona watu wa mtaani kwangu. Msafara ukaviziwa karibu na An Khe. Kwa muda mfupi tu watu 7 walikuwa wameshauawa, 17 wamejeruhiwa, na malori yapatayo 30 yameteketea au kuharibika.

Wale walikuwa madereva. Kazi yao ilikuwa kufikisha mafuta, vyakula na risasi, basi. Walipoona hakuna wa kuwakinga, wakaanza kujikinga wenyewe. Kwanza walipanga viroba vya mchanga na mbao kwenye malori ya tani 2 na nusu. Mvua ya kule ikinyesha, mchanga unakunywa maji, gari linalemewa mpaka halipandi mlima. Wakaacha mchanga, wakatafuta mabati mazito ya chuma popote yalipopatikana na kuyachomelea kwenye bodi. Chuma nacho kikazidi uzito, wakahamia lori la tani 5. Juu yake wakafunga rashasha, nyingi zikiwa za milimita 12.7. Kwenye msafara, kila malori kama kumi yalikuwa na moja la namna hii la kuyalinda.

Gari hili halikuchorwa na mhandisi mezani. Lilibuniwa na watu waliolipanda, kwa vyuma vya kuokoteza na moto wa kuchomelea. Mtu anayefanya jiko kwa debe la mafuta ya kula anaelewa kazi ya namna hiyo bila kufafanuliwa.

Saa 5
Leo nimefunga ukuta wa ndani wa bodi. Nataka niseme hapa kwa urefu, maana ndiyo roho ya gari. Deraya nyingi zilikuwa na kuta mbili, na kati yake nafasi. Risasi ikitoboa ukuta wa nje, inafika wa ndani imeshapungua nguvu. Ukitengeneza ukuta mmoja mnene, kwa mbali gari litafanana, lakini mtu akichungulia kwa juu atajua umemdanganya.

Bodi ya M54 ina futi 14, sawa na mita 4.27. Kwangu ni sentimita 21.3. Nimekata bati la debe kwa mkasi, nikapiga kingo kwa nyundo ya mbao, nikasugua kwa msasa mpaka likang'aa, kisha nikapaka tindikali kwa unyoya wa kuku. Hapo hapana haraka. Bati likiwa na alama ya kidole tu, lehemu inajikusanya na kuteleza kama maji juu ya jani la myugwa. Likiwa safi, ukigusa na ncha ya shaba, lehemu inakimbia yenyewe kwenye kiungo, inajaza mpaka mwisho, inameta, kisha inafifia ikipoa. Kati ya kuta mbili nimeweka vijiti vya kiberiti vishike nafasi. Baada ya kupoa nikavichomoa kimoja kimoja. Nafasi imebaki imenyooka toka pembe hadi pembe.

Saa 7 mchana
Sala, wali wa nazi na kisamvu, na usingizi wa dakika ishirini juu ya mkeka.

Saa 8
Magurudumu. Tairi za M54 ni za 11.00-20, yaani upana wa inchi 11, karibu milimita 280, na rimu ya inchi 20. Upana huo ukigawa kwa 20 ya kipimo changu unapata milimita 14, na soli ya ndala niliyoiokota ufukweni ina milimita 14 kamili! Nilipima mara tatu. Mbele mawili, nyuma manane, jumla kumi. Meno ya tairi nayachonga kwa kisu cha moto. Mitutu ya rashasha ni spoku za baiskeli, na katika mji huu wa baiskeli spoku hazijawahi kunipa tabu.

Saa 9 na nusu
Ami amepita akitoka sokoni. Ni rafiki wa marehemu baba, ameendesha malori ya mkonge miaka mingi kabla ya macho kumsumbua.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Ndilo hilo?"

Nikamvutia kigoda. Hakuangalia rashasha wala deraya. Aliinama mpaka jicho likawa sawa na meza, akafumba jicho moja, akatazama chini ya bodi muda mrefu.

"Mwanangu, gari hili tupu."

Nikamwambia bado sijaweka watu na masanduku ya risasi.

"Sisemi watu. Hivyo vyuma ulivyolivika, vina uzito au havina? Mbona springi zimejikunja kama gari limetoka gereji? Lori lenye mzigo springi zinanyooka. Na tairi linatanuka pale linapokanyaga."

Kasema kweli. Wiki sita nimepima urefu, upana na unene, uzito sikuupima. Na uzito ndio habari yenyewe ya gari hili: ndio uliowatoa kwenye mchanga, ndio uliowatoa kwenye tani 2 na nusu. Ami akanionyesha kwa viganja vyake jinsi springi ya nyuma ya gari la difu mbili (difu ni lile kasha la giya katikati ya ekseli) inavyokaa: katikati imebeba chesisi, ncha zake zimelalia ekseli mbele na nyuma. Mzigo ukishuka, upinde unafunguka.

Saa 10 mpaka magharibi
Nimezilegeza springi zote. Kila moja ni vipande vitano vya bati vilivyolaliana. Ya nyuma kulia ilikataa. Nilipoipasha moto, lehemu ya ekseli ya jirani nayo ikayeyuka, ekseli ikaanguka, na shanga ya mbao niliyoifanya difu ikaungua upande. Iliniuma, maana shanga ile niliichonga siku mbili. Nimechonga nyingine haraka kuliko ya kwanza, na imetoka vizuri zaidi.

Springi ninazipasha, nazinyoosha juu ya fuawe kwa nyundo ndogo, narudisha, napima. Nilitaka gari lishuke milimita 5, ambazo ni sentimita 10 za kweli. Halafu nikasugua kila tairi upande mmoja kwa msasa, likae bapa pale chini.

Saa 2 usiku
Rangi ya kwanza, nyeusi. Mengi ya malori haya yalipakwa nyeusi, na kila kikosi kiliandika jina la gari lao ubavuni kwa herufi kubwa. Baada ya vita karibu yote yalipotea. Moja tu ndilo linalojulikana kurudishwa Marekani, liko kwenye jumba la makumbusho la usafirishaji la jeshi huko Fort Eustis, Virginia. Vijana wa mtaani wamenipa majina ya Kiswahili mazuri, lakini ubavu wa langu nitauacha mtupu. Jina lilikuwa la watu waliolala ndani ya gari lile, na mimi sikuwemo.

Rangi ilipokauka ya kushikika nikaliweka juu ya kioo, nikapitisha ukanda wa karatasi chini ya kila tairi. Limekaa chini sasa, zito, mkia umelala kidogo. Karatasi imekwama kwenye tairi tisa. Ya kumi, ya ndani, nyuma kushoto, imepita. Nimeitia alama ya chaki, nikalifunika kwa kanga.