Kutoka Bukoba kwenda kumsikia Kansiime

Kwa miaka mingi nimemtazama Anne Kansiime, mchekeshaji wa Uganda, kwenye simu, usiku, spika nimeibana sikioni nisiwaamshe watoto. Mwaka huu nikasema basi, nikamsikilize kwa masikio yangu. Nikaweka pasipoti na kadi ya manjano ya chanjo mkobani, alfajiri nikapanda basi la Kampala.

Tulipita daraja la Kyaka ukungu ukiwa bado umelala juu ya Mto Kagera. Daraja la zamani lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na mama niliyekaa naye alikuwa binti mdogo wakati huo. Alinisimulia walivyokimbia usiku, yeye akiwa amebeba sufuria la uji kichwani. Akaniuliza mimi naenda Uganda kufanya nini. Nikamwambia naenda kucheka. Akanishika mkono: "Nenda mwanangu. Ucheke na sehemu yangu."

Mutukula tuligonga mihuri, tukabadilisha hela. Lukaya wachuuzi walikimbilia madirisha na mishikaki na ndizi gonja za kuchoma, na pale Kayabwe niliiona Ikweta, duara jeupe kando ya lami. Kilichobaki ni foleni tu.

Jioni, kabla ya onyesho, nilipita kwanza kwenye Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, lile lililofunguliwa mwaka 1959. Hapo ndipo Kansiime alipoanzia mwaka 2007, akiwa na kundi la Theatre Factory. Nilisimama nje kitambo, kama mtu aliyefika nyumbani kwa rafiki.

Ukumbini walitangulia wengine, wengi wao kwa Kiganda, nami nilipata nusu nusu. Kisha akaingia yeye. Hakusema neno. Alisimama, akamkazia macho mtu mmoja wa mstari wa mbele, akakunja mdomo, akasubiri. Kicheko kilianzia kona moja kikazunguka ukumbi mzima naye hajafungua kinywa. Kwenye simu sikuwahi kujua kwamba ana uvumilivu wa namna hiyo. Video zake fupi zinakwenda mbio. Pale jukwaani kimya kile ni nusu ya kazi, na anakishika kama mvuvi anavyoshika mshipi.

Halafu akawa mama anayemwita mtoto mtundu: "Iwe!" Yaani, wewe!

Niliruka kitini. Kansiime ni Mkiga wa milima ya Kigezi, na anapozungumza Kiingereza Kikiga hujipenyeza humo humo. Kikiga na Kihaya ni ndugu: nyumba ni enju kwao na kwetu, maji ni amaizi. Lakini sikutegemea neno moja litanirudisha uani kwetu, mama yangu amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nilicheka machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

Mzee wa kiti cha pili alinigeukia akaniuliza kwa Kikiga mimi ni wa wapi. Nikamjibu kwa Kihaya. Tukaelewana bila shida yoyote, na tangu hapo kila neno la kwao lilipotoka jukwaani alinipiga kiwiko kuhakikisha nimelidaka.

Tulitoka pamoja. Hadi kijiwe cha boda boda alikuwa akiita "Iwe!" kwa sauti ya mama yake, nami naitikia kwa sauti ya mama yangu.