Siku ya tatu na lile jiwe

Leo limenyanyuka. Naandika sasa hivi kabla mikono haijakaza, maana vigasha vyote viwili vimechunika kama mtu aliyeburuzwa kwenye lami na kila nikigusa meza nakunja uso.

Nilivyoenda kulinyanyua mara ya kwanza nilikua najiamini kinoma. Jimu navuta dedilifti (kunyanyua chuma toka sakafuni mpaka usimame wima) ya kilo 140 mara tano bila kelele, sasa jiwe lililozidi ndoo ya lita 20 kidogo tu lingenifanya nini? Nikalichagua kwa macho, kijivu, mviringo mviringo, upande mmoja limebonyea. Nikainama, nikabana pembeni, nikavuta. Wapi. Mikono ilipanda peke yake ikiwa na mchanga, jiwe limekaa vile vile kama halijaambiwa kitu, na mimi nikageuka kwanza kuangalia kama kuna mtu kaona.

Shida ni kwamba chuma kimetengenezwa ili kibebwe. Kina mahali pa kushika, uzito umegawanyika sawa huku na huku, kiko juu ya sakafu kiasi kwamba huanzii chini kabisa. Jiwe halina habari na wewe. Ili ulitoe ardhini lazima mikono ipite chini yake, na mikono haipiti chini mpaka litoke ardhini, sasa hapo unafanyaje? Nilihangaika karibu saa zima ndo nikaelewa kwamba unalitikisa, unalisukuma na goti liegemee upande mmoja, unapenyeza kiganja, unalirudisha taratibu upande wa pili unapenyeza kingine. TARATIBU nasema, kwa sababu likikuponyoka vidole vimo ndani. Siku hiyo niliishia kulitikisa tu.

Siku ya pili mvua ilikua imenyesha usiku, jiwe linateleza kama sabuni, likaniponyoka likadondoka kama inchi mbili kutoka kwenye kidole gumba cha mguu. Nikarudi nyumbani.

Leo lilikua kavu. Nilipolitikisa tu likatoa ile sauti ya kunyonya, kama mguu unavyochomoka kwenye tope, na chini yake kulikua na udongo mweusi wa baridi na sisimizi wakikimbia na mayai yao mdomoni. Nikasubiri wahame (sijui kwa nini, ila niliona aibu kuwabomolea alafu niwakanyage tena). Nikatanua miguu, jiwe katikati, mikono chini. Na hapa ndo kitu kilichonisumbua kichwa, maana miaka yote tumeimbiwa mgongo nyooka, mgongo nyooka, kumbe kwa jiwe mgongo lazima ujikunje, unalikumbatia kama mtoto aliyelala. Ndo maana anayeanza aanze na jepesi, mgongo uzoee. Viwiko navyo usivikunje kuvuta, mikono iwe kamba tu, la sivyo unaweza kukata kano ya msuli wa mkono.

Likatoka! Nikalivuta mpaka kwenye mapaja, nikachuchumaa nalo pale kama nimempakata mgeni mzito, nikahema. Alafu kulikumbatia upya, kifua juu yake, nikasukuma kiuno mbele nikasimama. Sekunde nne labda. Pumzi haiingii kwa sababu jiwe lenyewe ndo limekaa mahali pa pumzi, shavu langu limelala juu ya jiwe, nikasikia harufu kama ya mvua ya kwanza. Nikaliacha lianguke, nikaruka nyuma.

Sasa hapa ndo nilipokosea. Nilikua nimebeba mzani wa bafuni kwenye gari. Kilo 71.

Aisee. Kilo 71 jimu ni ya kupashia misuli. Nilinuna kabisa, nikakaa chini. Alafu nikakumbuka yale mawe ya Iceland, pale ufukweni Djúpalónssandur, ambayo wavuvi wa zamani walikua wanapimwa nayo: Fullsterkur, yani mwenye nguvu kamili, kilo 154, Hálfsterkur 100, Hálfdrættingur 54, na la mwisho Amlóði, kilo 23, jina lenyewe maana yake goigoi. Ukishindwa kulipandisha Hálfdrættingur kwenye mwamba wa usawa wa kiuno hukua na nafasi ya kwenda baharini. Kwa hesabu hiyo mimi boti ningepanda, japo mgao wangu ungekua mdogo. Sina ugomvi na hilo. Na Donald Dinnie, yule mbabe wa zamani wa Scotland aliyevusha mawe mawili daraja la Potarch mwaka 1860, jumla karibu kilo 332, simfikirii hata kidogo, ingawa yale yana pete za chuma za kushikia na leo hii ningelipa hela kwa pete moja tu.

Ila ule mzani sitaubeba tena. Kabla sijapima nilikua na furaha ya ajabu, baada ya kupima nilianza kufanya hesabu.

Kabla ya kuondoka nilijaribu kulirudisha kwenye shimo lake, nikalibiringisha mpaka pale, likaingia lakini halikukaa. Upande mweusi wenye unyevu ulibaki juu, unaanza kukauka kwa mabaka, na sisimizi wawili watatu wamerudi wanauzunguka. Nilizungushazungusha nikachoka, mikono haina kitu. Nikaliacha hivyo hivyo limepinduka.