Siku moja maishani mwangu: bodaboda na spana zangu

Saa 10:45 alfajiri nachuchumaa kando ya pikipiki kabla hata sijanawa uso. Tumepanga Tabata Kimanga, Dar es Salaam, familia 6 ua mmoja, kwa hiyo siwashi taa ya nje nikaamsha watu. Nabana kitochi kwa meno, nanyanyua cheni kwa kidole pale katikati ya sproketi ya mbele na ya nyuma. Ikicheza kama sentimita 2 au 3 naiacha, ikizidi nalegeza ekseli na kuivuta. Nabonyeza matairi, nawasha indiketa, navuta klachi polepole huku nimesogeza sikio, maana waya wa klachi ukianza kukatika uzi mmoja mmoja husikika ukikwaruza kabla haujakuacha barabarani. Leo klachi iko sawa na cheni iko sawa, ila breki ya nyuma imeanza kuzama sana ninapoikanyaga. Leo hii lazima nibadilishe breki shuu, vile vipande vya ndani vinavyobana tairi lisimame. Tanki sikulifungua kwa sababu jana usiku nilijaza mafuta.

Saa 11:20 niko kijiweni, na mpaka saa 3 nimeshapeleka mwanafunzi wa sekondari, muuza samaki anayewahi Feri, na watu wanne wa Buguruni.

Saa 3 tunakunywa chai. Hapo ndipo mjadala wetu wa kila siku huanza, na leo ulianza kwa sababu mwenzangu mmoja aliniona natoa plagi, ile inayopiga cheche za kuwasha injini, naifuta. Akasema, "Bro, wewe unawanyima mafundi riziki. Fundi naye ana watoto." Mwingine akadakia kwamba mkono wa dereva ni wa kushika usukani, ukishika spana unaharibu. Kijiweni kwetu tuko zaidi ya 20, na wanaojifungulia pikipiki wenyewe hatufiki watano. Wengine wote wanaweza kukupitisha Tabata nzima usiku wa mvua wakikwepa kila shimo, lakini ukimpa mmoja wao bisibisi anairudisha kama umempa nyoka.

Woga huo naujua kwa sababu nilikuwa nao. Pikipiki hii niliichukua kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, kwa mkataba wa miezi 14 mpaka iwe yangu, hesabu ya kumpelekea shilingi 10,000 kila siku, hela ya Jumapili yangu. Tajiri alitaka twende kwa fundi wake tu. Siku moja fundi huyo alimwaga oili ya zamani ili abadilishe, kisha boliti ya chini ya injini akaifunga ikiwa imepinda, nyuzi zikalika. Mimi nikaondoka na abiria. Tulipofika Buguruni injini ikaanza kugonga. Nikazima, nikainama, nikaona mstari mweusi umetufuata barabara nzima. Yule abiria alikuwa mama mjamzito. Nikikumbuka kwamba oili ile ingeweza kumwagikia tairi la nyuma tukiwa kwenye kona, mwili unasisimka mpaka leo. Tajiri akasema dereva ni wewe, gharama ni yako. Mwezi ule ule nikaenda Gerezani, mtaa wa maduka ya spea kule Kariakoo, kununua spana namba 10. Iliyofuata ilikuwa namba 12, kisha 14, kisha spana ya plagi. Nilinunua moja moja, kwa hela ya Jumapili.

Mara ya kwanza nilipofungua kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, mikono ilitetemeka. Nikaisafisha, nikairudisha, na washa moja, ile pete ndogo, ikabaki kiganjani. Usiku kucha sikulala. Asubuhi nikafungua tena, nikaipata sehemu yake, pikipiki ikawaka kwa kiki ya kwanza. Sijui nimwelezeje mtu ambaye hajawahi kulisikia jambo hilo kifuani. Huyu mwenzangu anayesema fundi ana watoto hakosei, na nilimwambia hivyo. Kufungua silinda, kupanga sahani za klachi, kubadili beringi za ndani ya injini, yote hayo namwachia fundi. Ila nakaa pembeni yake na siondoki.

Saa 4:10 anakuja mzee mmoja, suti ya kijivu, begi moja. Anakwenda stendi ya Magufuli, basi lake la Iringa linaondoka saa 5:15. Tunapatana shilingi 8,000. Namfunga kofia ngumu, naweka begi mbele, tunashika barabara ya Mandela hadi Ubungo, tunaingia Morogoro Road. Kibo tunapita, Baruti tunapita. Tunakaribia Korogwe, kituo cha hapo Kimara, pikipiki inaanza kukosa nguvu. Nikivuta mafuta inakohoa, nikipunguza inakubali kidogo, kisha inazima kabisa.

Naisogeza pembeni. Akili inaniambia plagi, kwa sababu asubuhi nimeitoa kuifuta na huenda nimeifunga vibaya. Naitoa, naiweka ile ya akiba, napiga kiki. Inawaka. Mzee anasema, "Haya, twende," na mimi moyoni najisifu. Tunapita Kimara Mwisho. Tunafika Stop Over, inazima tena.

Jua la saa 4 na nusu Kimara wanalijua wanaokaa kule. Daladala zinapita zikitupigia honi, malori ya kwenda bara yanatupuliza vumbi. Mzee anashuka, anavua kofia, anaangalia saa. "Dogo, hii pikipiki ni yako au umeiokota?" Namwambia, "Ni yangu, mzee wangu, naomba dakika 5." Anasema nimwite fundi. Namjibu kwamba mimi ndiye fundi wake. Hapo akacheka kile kicheko cha kumdharau mtu, akapiga simu, akamweleza aliyekuwa upande wa pili, kwa sauti ya kunisikilizisha, kwamba amepakiwa na kijana anayejifunzia ufundi kwenye maisha ya watu.

Maneno yale yaliniuma kuliko jua. Nilitaka kumjibu, nikaona nikimjibu mikono itakosea. Nikakaa chini, nikaanza mwanzo.

Usiku mvua ilinyesha, kwa hiyo labda maji yameingia kwenye mafuta. Nalegeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, nakinga kwa kifuniko cha chupa. Petroli inatoka safi, haina tone la maji. Lakini inatoka kwa kasi, halafu inapungua, halafu inadondoka, halafu inakata. Hapo nikasimamisha kila kitu. Koki ya tanki imefunguliwa, tanki limejaa, mafuta kwa nini yasishuke? Nafunga koki, nachomoa mpira wa mafuta, naupuliza, hakuna kilichoziba. Mzee anahesabu dakika kwa sauti. Vijana wawili wa kijiwe cha pale wamekuja, mmoja anasema koili, mwingine anasema niiache ipoe. Jasho linaniingia machoni na siwezi kulifuta kwa sababu mikono ina petroli.

Nafungua mfuniko wa tanki ili nione tu mafuta yako wapi. Ukatoka mlio, fyuuu, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama majini.

Nikajua palepale. Jana usiku, kwa ajili ya mvua, niliweka kipande cha nailoni chini ya mfuniko. Wengi tunafanya hivyo msimu wa mvua, maana mpira wa mfuniko ukizeeka maji yanapenya. Nailoni ile ilikuwa imekaa sawasawa juu ya katundu ka hewa. Tanki likikosa hewa, mafuta yanaposhuka huacha utupu nyuma yake, na utupu huo unayavuta yasishuke tena. Asubuhi safari zilikuwa fupi, nikisimama hewa inajipenyeza kidogo kidogo. Safari ndefu ya mwendo mmoja ndiyo ikanianika. Plagi haikuwa na kosa lolote. Iliwaka pale Korogwe kwa sababu wakati nahangaika nayo tanki lilipata muda wa kupumua.

Niliyefanya hivyo ni mimi, kwa mkono huu huu. Nikaitoa nailoni, nikafunga mfuniko, nikasubiri bakuli lijae, ikawaka. Tulifika stendi saa 5:09. Nilimwambia mzee ukweli, kwamba kosa ni langu na nimelipata. Akanipa shilingi 5,000, akasema hizo nyingine ni za usumbufu, akaingia ndani bila kuaga. Sikumdai. Lakini nitasema hapa kitu ambacho hakunipa nafasi ya kumwambia. Angekuwa na dereva asiyejua tanki linapumuaje, basi lile angeliona kwenye picha. Na mimi, fundi angenibadilishia plagi, koili na kabureta, na nailoni ingebaki palepale ikinisubiri kesho.

Kurudi nilikuja taratibu. Mabega yalikuwa yananiuma.

Mchana nilipita Gerezani kununua breki shuu. Huwa nakwenda na picha ya shuu ya zamani kwenye simu, na ya zamani yenyewe ninayo mfukoni tangu nilipobadilisha mwisho, kwa sababu muuzaji atakuambia zote ni orijino. Naziweka mbili kiganjani, napima uzito, natazama kama ule utando umegandishwa vizuri kwenye chuma au umepakwa gundi ukapambwa rangi. Duka la tatu ndipo nilipoziamini. Baada ya hapo ni abiria, abiria, foleni ya Tazara, mvua ya dakika 10, abiria. Sikutazama saa tena. Najua tu kwamba giza liliingia nikiwa Segerea na kwamba nilikuwa na njaa.

Nyumbani ningeweza kulala. Mke wangu aliniambia hivyo hivyo, "Baba, hiyo breki si hata kesho?" Lakini kesho saa 11:20 yule mwanafunzi atapanda nyuma yangu, na mama yake huwa anasimama mlangoni mpaka tukate kona.

Nikatandika gunia, nikalegeza ekseli, nikatoa tairi la nyuma. Ndani ya ngoma ya breki kulikuwa na unga mweusi na mchanga wa Kimanga, nikaupangusa kwa kitambaa chenye maji ili nisiuvute puani. Shuu za zamani zilikuwa zimebaki nyembamba kama ganda la chungwa. Nikapaka grisi kidogo sana kwenye pini, nikapachika mpya na springi zake mbili, na moja ya hizo springi iliruka ikaniacha naitafuta kwenye kuni za jirani. Kurudisha tairi peke yako ni kazi ya watu watatu. Inabidi uinue kwa goti, ulenge ekseli kwa mkono wa kulia, na wa kushoto uzuie cheni isitoke. Nikasawazisha alama za pande zote mbili ili tairi lisikae upande. Oili ilikuwa imenipanda mpaka viwikoni, na najua hata nikisugua kwa sabuni ya unga na mchanga, kucha zitabaki nyeusi hadi Jumapili.

Mke wangu alitoka akachukua kitochi, akanimulikia. Nikamwomba aweke mguu kwenye breki. Nikakaza nati ya kurekebishia, nikazungusha tairi kwa mkono. Likazunguka kimya, halikukwaruza popote.

"Kanyaga," nikamwambia.

Likasimama.