Wenzake mfalme kipofu

Kwa miaka miwili mfalme wangu alikaa peke yake rafuni, na kila nilipompangusa vumbi nilihisi namdai kitu. Ni Jan, mfalme wa Bohemia, juu ya farasi wake: kisanamu cha madini cha kipimo cha 1/32, kile ambacho sisi wapenzi wa visanamu tunakiita milimita 54, yaani urefu wa mtu aliyesimama. Ngao yake ni nyekundu, na juu yake simba wa fedha mwenye mikia miwili na taji la dhahabu. Kifuniko cha uso kimeinuliwa, na fundi aliyemchonga alimpa macho yasiyotazama popote.

Jan aliuawa Crécy, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 26 Agosti 1346, siku ambayo wapiga mishale wa Edward III wa Uingereza waliwateketeza wapanda farasi wa Philippe VI wa Ufaransa. Alikuwa na miaka 50, upande wa Wafaransa, na alikuwa amekwisha kupofuka miaka kadhaa kabla. Jean Froissart, mwandishi wa tarikhi za karne ile, anasimulia kwamba mfalme aliwaomba watu wake wamfikishe mbele, apate kupiga japo pigo moja la upanga. Wao, kwa kuogopa kumpoteza katika msukumano, wakafunga hatamu za farasi wao pamoja, wakamtanguliza, wakaenda. Kesho yake walikutwa wamelala wamemzunguka, farasi wao bado wamefungana.

Mtu kama huyo utamwekaje peke yake?

Lakini naiti mmoja wa madini, yaani askari wa farasi mwenye deraya, mwenye kazi nzuri kama ile ni ghali. Nilisubiri, nikaahirisha, nikasubiri tena. Mwezi uliopita nikachukua uamuzi wa kutumia manaiti wa plastiki, wale wanaouzwa kwa mfuko, wanaotengenezwa kwa ajili ya watoto kuchezea. Bei ya mfuko mzima haifiki hata nusu ya farasi mmoja wa madini. Nikachagua watatu waliopanda farasi, nikawapanga nyuma ya mfalme, nikakaa kuwatazama.

Hawakufanana naye hata kidogo, ila sikuweza kusema kosa liko wapi. Kwanza nililaumu zama. Watengenezaji wa manaiti wa bei nafuu huchanganya karne bila kujali: kofia ya pipa ya miaka ya 1200 juu, deraya ya mabamba ya miaka ya 1400 kifuani na miguuni, na pembe za ng'ombe utosini. Mtu wa 1346 yuko katikati ya safari hiyo. Bado anavaa deraya ya pete za chuma, na mabamba ndiyo kwanza yameanza kufunika magoti, viwiko na miundi. Kichwani ana kofia iliyochongoka kwa nyuma, yenye shela la pete za chuma linaloshuka hadi mabegani. Basi nikadhani nikirekebisha hayo, kazi imekwisha.

Mpwa wangu, mwenye miaka saba, alikuja akasimama mezani, kidevu chake kikiwa sawasawa na ukingo wa meza.

"Mjomba, hawa ni watoto wake?"

"Watoto wa nani, baba?"

"Wa huyu mfalme. Si wana vichwa vya watoto."

Nikachukua rula. Kichwa cha mfalme, kidevuni hadi utosini, ni milimita 7. Vichwa vya wale watatu vilikaribia 10. Ngumi ya mfalme haifiki milimita 3 kwa upana, na zao zilizidi 4. Mtoto alikuwa ameona kwa kutupa jicho mara moja kitu nilichokitafuta kwa juma zima.

Tangu siku hiyo nimekuwa na imani moja katika kazi hii. Urefu wa mwili unasameheka. Watu wazima hupishana urefu kwa kichwa kizima na hakuna anayeshangaa, lakini vichwa vyenyewe havipishani hivyo, wala viganja, wala unene wa upanga. Kisanamu kirefu kidogo jicho litamchukulia kuwa mtu mrefu. Kisanamu chenye kichwa kikubwa jicho litamkataa, hata ukimpaka rangi namna gani. Na namba iliyoandikwa kwenye kifurushi haitakuokoa, maana wengine hupima kutoka nyayo hadi machoni na wengine hadi utosini, ndiyo maana "54" ya huyu inasimama kama 60 ya yule.

Basi nikaanza kukata vichwa.

Kwa wawili nilikuwa na vichwa vya akiba, vilivyobaki kwenye seti ya zamani ya plastiki ngumu, vyenye kofia za aina niliyoitaka. Cha tatu nilikifinyanga mwenyewe. Wa kwanza nilimbandika kwa supagluu peke yake, na siku ya pili, nikiwa nampaka rangi, kichwa kikadondoka mezani. Plastiki hii laini ni ndugu wa mfuko wa polithini. Haipendi gundi wala rangi. Dawa yake ni kuunganisha kwa waya. Unatoboa shingo kwa keekee ndogo ya mkono, unatoboa kichwa, unapitisha kipande cha waya wa shaba katikati, kisha gundi inakuja kusaidia tu. Rangi nayo inataka kisanamu kioshwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki, kuondoa mafuta ya kalibu, halafu ukipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikauke, ndipo praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ishike.

Jambo jingine: usitie msasa. Msasa huiacha plastiki laini na manyoya kama kitambaa kilichochakaa. Tumia wembe mpya na ukate vipande vyembamba, ukivuta kuelekea nje, na mishono ya kalibu itatoka kama uzi. Mkuki uliopinda chovya kwenye maji ya moto sana, unyooshe, kisha uutie papo hapo kwenye maji baridi. Panga zao nilizitupa zote, zilikuwa nene kama makasia. Mpya nilizitengeneza kwa waya wa shaba niliougonga kwa nyundo mpaka ukawa bapa, nikaunoa kwa tupa.

Ngumi nilizipunguza kwa wembe hadi milimita 3, nikaogopa kwenda zaidi nisije nikakata vidole. Hapo historia ikanisaidia. Glavu za chuma za katikati ya karne ya 14 zina kiuno: nyembamba kwenye kifundo cha mkono, kisha zinapanuka kuelekea kiwiko. Nikaongeza huo mdomo wa glavu kwa udongo wa epoksi, unaofinyangwa kisha ukakauka kuwa mgumu, na ngumi ikaonekana ndogo bila mimi kuigusa tena.

Lakini sehemu niliyoipenda kuliko zote ni shela la pete za chuma. Udongo wa epoksi huja vipande viwili, cha buluu na cha manjano. Unavikanda pamoja mpaka vinakuwa kijani kimoja, bila mstari hata mmoja wa manjano, maana ukiacha mstari hapo hapatakauka vizuri. Unautandaza mwembamba shingoni hadi mabegani kwa kifaa kilicholowa maji. Kisha unasubiri. Ukiugusa mapema unanata na kuvutika, ukichelewa unakataa alama. Mimi niliusubiri kama nusu saa. Halafu nikachukua sindano ya hospitali, ile yenye uwazi ndani, ncha yake nimeikata kwa mshazari ili mdomo wake uwe nusu duara, nikaanza kubonyeza. Hilali moja, hilali ya pili pembeni yake, mpaka mstari ukazunguka shingo. Mstari unaofuata unaugeuza: hilali za juu zikitazama kulia, za chini zitazame kushoto. Ndivyo pete zinavyoonekana zimeshikana. Naiti mmoja alinichukua jioni nzima. Wa pili nilimaliza saa saba usiku, na nilipoinua kichwa sikujua kama mvua ilikuwa imenyesha au la, ingawa dirisha lilikuwa limelowa.

Farasi hawakunisumbua sana. Farasi wa vita wa zama zile hawakuwa majitu. Ukimchukulia wa mita moja na nusu begani, kwenye kipimo hiki anatoka milimita 47. Wangu walikuwa na 52. Nikavikata vibao vyao vya chini vibaki vyembamba, nikawazamisha kwato kwenye tope nililolitengeneza. Froissart anaandika kwamba mvua ya radi ilinyesha kabla mapigano hayajaanza, kwa hiyo tope lina haki ya kuwa pale. Milimita zilizobaki zilifichwa na vazi la farasi, ambalo nililifanya kwa karatasi ya shashi iliyoloweshwa gundi nyeupe. Likiwa bichi unaweza kulivuta liwe na mikunjo ya farasi anayekimbia.

Halafu ngao. Hawa watatu sikuwapa nembo za mabwana wakubwa, niliwatungia zao. Kanuni ya nembo ni nyepesi: dhahabu na fedha huitwa madini; nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau huitwa rangi; madini hayakai juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Inafanya ngao isomeke kwa mbali, kwenye vumbi, kwa mtu aliye na haraka ya kujua amuue nani. Mmoja ana mshipi wa dhahabu juu ya nyeusi, wa pili nyota ya fedha juu ya buluu, wa tatu pembe nyekundu iliyosimama juu ya fedha. Ngao zenyewe nilizifanya ndogo kuliko zile zilizokuja na mfuko, na ncha kali chini, kama ya mfalme.

Kuna wanaosema ukitaka visanamu vilingane, paka upya vyote, cha ghali na cha bei nafuu. Sikubali. Rangi ya mfalme ilipakwa na mkono mwingine, mkono ulionishinda, na sitaifunika. Nilichofanya ni kuifuata. Chuma chake kimeanza na nyeusi, kisha kijivu cha chuma kilichopakwa kwa brashi kavu, kisha mguso mdogo wa fedha kwenye kingo peke yake. Nikafuata hivyo hivyo. Wekundu wake una kahawia ndani yake, si mwekundu wa damu, nami nilichanganya mara nne mpaka nikaupata. Mwisho vanishi isiyong'aa kwa wote wanne, maana mng'ao wa plastiki ukibaki hata kwenye kisigino unaonekana. Mbali na vanishi hiyo, kitu pekee nilichombadilishia mfalme ni ardhi chini yake. Sasa kila mmoja amesimama kwenye kibao chake, lakini tope lao ni moja, nililolichanganya kwenye chombo kimoja, siku moja.

Leo usiku nikafunga hatamu. Nilikuwa nimepanga kuzibandika, lakini nilipofika hapo nikaona kubandika si haki. Nikatoboa tundu kwenye lijamu ya kila farasi wa plastiki. Yule wa mfalme hakuhitaji, hatamu yake ya madini ina nafasi chini ya taya. Nikachukua uzi mwembamba niliokuwa nimeupaka nta na rangi ya ngozi, nikaufunga kwa koleo ndogo, fundo la kweli, mara mbili. Mfalme kwa wa kulia kwake. Mfalme kwa wa kushoto. Wa kushoto kwa yule wa tatu aliye nyuma. Pumzi nilikuwa nazishika bila kujua, maana kila nikipumua uzi ulikuwa unasogea.

Mpwa wangu alikuwa hajalala. Akasimama pale pale, kidevu ukingoni.

"Mjomba, yupi ndiye haoni?"

Nikamwonyesha. Akatazama muda mrefu, kisha akauliza kama wengine wanajua.

"Wanajua. Ndiyo maana wamejifunga."

Nilipokwenda kuwahamishia rafuni nilimshika mfalme peke yake, kwa mazoea ya miaka miwili, nikasahau kwamba sasa hayuko peke yake. Vibao vya plastiki ni vyepesi na bado sijavigundisha kwenye jukwaa. Mfalme alipoinuka, wale watatu wakainuka naye, wakaning'inia kwenye nyuzi zao juu ya meza, na hakuna fundo hata moja lililolegea.